KADI YAKO YA KLINIKI IKO WAPI?

Huku Kawajense tupo, vumbi linatupiga kama kawaida, pikipiki zinapiga kelele na maisha yanasonga. Wale mlioniuliza juu ya ile stori ya jamaa aliyechumbia mabinti wawili wa mtaa mmoja, naomba mniwie radhi. Itaendelea wiki ijayo. Leo nina jambo limenikaa kooni, bora nilitoe.

Juzijuzi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa. Si unajua tena mambo ya kitambulisho cha taifa, ukienda bila karatasi unarudishwa nyumbani kama mtoto wa shule asiye na ada. Mama akaniambia, "Angalia kwenye lile sanduku la bati, chini kabisa, chini ya vitenge." Nikapekua weee! Cheti sikukiona. Nikakuta kadi ya kliniki. Yangu mwenyewe, ya utotoni!

Wale mnaoijua ile kadi mnanielewa. Ina rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, na kila mwezi nesi anaweka nukta kuonyesha uzito wa mtoto. Nukta zangu zilianza vizuri tu, zikapanda, zikapanda, halafu kwenye mwaka mmoja na miezi miwili zikaporomoka mpaka kwenye kijivu. Nikamuuliza Mama, vipi hapa? Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Hapo malaria ilikuwa inakula ndani kwa ndani," akasema. "Mimi nilikuona unacheza, nikajua mzima. Nesi ndiye aliyesema mama, huyu mtoto amepungua, hatoki hapa mpaka apimwe damu. Nisingekwenda kliniki mwezi ule, leo usingekuwa unanipekulia sanduku langu."

Nikakaa kitako. Nikaziangalia zile nukta mpaka ya mwisho, miaka minne na miezi saba. Baada ya hapo kadi ni nyeupe, hakuna kitu. Nikajiuliza swali ambalo na wewe naomba ujiulize sasa hivi, kabla hujafungua ukurasa wa michezo: tangu nukta ile, nani amenipima tena nikiwa mzima?

Jibu ni hakuna! Nimepimwa malaria nikiwa natetemeka. Nimeng'olewa jino baada ya kulia usiku kucha. Ile fomu ya daktari ya kujiunga na kidato cha kwanza nayo iligongwa muhuri bila mtu hata kunitazama usoni. Sasa nina miaka 26, na kwa zaidi ya miaka ishirini mwili huu umekuwa ukienda wenyewe kwa uwezo wa Mungu na chapati za asubuhi.

Nikalipeleka swali kijiweni. Pale kwetu kuna washikaji kama kumi na wawili wa bodaboda, wanaume wa shoka, wanaojua kila kitu kuanzia siasa mpaka ndoa za watu. Nikawauliza, nani kati yenu amewahi kupima presha? Kimya. Sukari je? Mmoja akasema yeye sukari anapima kwa kijiko. Vicheko! VVU? Hapo ndio watu walikumbuka kuwa wana abiria wanawasubiri.

Lakini nilipouliza sevisi ya pikipiki, looo! Kila mtu akawa profesa. Huyu anamwaga oili kwa siku kadhaa, yule anaangalia mnyororo kila asubuhi, mwingine anasikiliza injini kwa sikio tu na kukwambia kuna kitu kinagonga. Nikawaambia, jamani, chombo cha mkopo mnakisikiliza kila siku, moyo wenu umegongagonga miaka thelathini hakuna aliyeusikiliza hata mara moja. Mmoja akanijibu kwa ukali, "Pikipiki ina mwenyewe, bwana, anataka hesabu yake jioni." Nikamuuliza, na wewe huna mwenyewe? Una mke na watoto watatu, hao hawataki hesabu?

Hakunijibu.

Usidhani nilikuwa nawasema wao tu. Mimi nilikuwa na sababu zangu mbili za kuuliza, na zote zinauma.

Sababu ya kwanza ni Mjomba. Mjomba wangu ana miaka 43. Alikuwa ananunua mpunga kule Mwamkulu, anakoboa, anauza mchele mjini. Mtu wa mazoezi ya bure, gunia la kilo mia alikuwa analisogeza kama mto wa kulalia. Hajawahi kulala hospitali hata siku moja, na alikuwa anajisifia hivyo. "Mimi na daktari tunasalimiana barabarani tu," ndio ulikuwa msemo wake.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa anahesabu hela, mkono wa kulia ukaacha kuhesabu. Noti zikaanguka. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Waliokuwepo wakadhani utani. Akaanguka. Alipofikishwa hospitali kwenye bajaji, presha yake ilikuwa 220 kwa 130. Kiharusi, msomaji wangu. Mshipa wa kichwani.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini Mjomba wa leo anakaa chini ya mwembe, mkono wa kulia umelala mapajani, na maneno yake inabidi uyasubiri. Biashara imekwisha. Mtoto wake wa kidato cha pili ameacha shule, anauza vocha. Siku moja nilimuuliza, Mjomba, kweli hukusikia dalili yoyote? Akachukua muda mrefu, halafu akanijibu neno moja moja: "Hata... kichwa... hakikuuma."

Ndiyo presha hiyo. Haibishi hodi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Mmoja kati ya wanne! Hesabu washikaji wa kijiwe chako halafu gawanya mwenyewe. Na wengi wa namna hii wanatembea, wanacheka, wanabeba magunia, hawajui lolote. Njia ya kujua ni moja tu, kuvaa ule mkanda wa kwenye mkono ukajazwa upepo. Dakika mbili.

Sababu ya pili ni mchumba wangu. Hapa naomba usicheke.

Mwaka jana bibie aliniambia, "Mpenzi, kabla hujaenda kwa baba yangu, twende tukapime." Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mara niko bize, mara naumwa tumbo, mara nikamgeuzia kibao, "Kwani huniamini?" Ujanja wa kizamani huo, kina kaka wote mnaujua. Akaniangalia tu, akasema, "Nakuamini. Ndio maana nataka twende wote, sio niende peke yangu." Niliishiwa maneno, na kwa mtu anayeishi kwa kuandika maneno hiyo ni aibu kubwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Wakubwa zetu walikuwa wanaita miwaya, na ukisikia mtu amekanyaga miwaya basi umeshajua mwisho wake. Sisi tumekulia kwenye woga huo. Lakini mambo yamebadilika mno. Nilikuwa darasa la pili pale Julai 2007 Rais wa wakati huo Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipopima hadharani Dar es Salaam, kuanzisha kampeni ya nchi nzima ya kupima kwa hiari. Dawa za kufubaza virusi nazo zilishaanza kutolewa bure nchini tangu 2004. Leo anayejua hali yake na kumeza dawa ipasavyo anaishi, anafanya kazi, anazaa mtoto asiye na virusi, na virusi vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Anayekufa mapema mara nyingi ni yule aliyejificha, kama mimi nilivyokuwa najificha.

Sasa sikiliza ujinga niliofanya. Badala ya kwenda zahanati, nikaamua kukata kona. Kulikuwa na watu wamepanga meza mjini, wamevaa makoti meupe, wana kompyuta na kamba yenye chuma. Eti unashika chuma kwa dakika moja, mashine inasoma mwili mzima! Moyo, ini, figo, mifupa, mpaka nguvu za kiume. Bei elfu kumi. Nikaona bomba, hakuna sindano, hakuna nesi wa kukuuliza maswali. Nikashika chuma. Karatasi ikatoka. Msomaji wangu, nilikuwa na magonjwa kumi na manne! Figo zimechoka, nyongo imejaa, damu chafu. Na kwenye orodha kulikuwa na tatizo la mfumo wa uzazi wa kike.

Nikawaonyesha. Yule kijana wa koti jeupe hata hakushtuka, akasema mashine imeona "nguvu za upande wa pili" na dawa yake ipo, makopo matatu, laki moja na nusu. Nikaondoka huku nikijicheka. Kwa hiyo naandika hapa kwa herufi zinazosomeka: kushika chuma hakupimi sukari, hakupimi figo, hakupimi chochote. Kipimo cha kweli kinataka damu, mkojo, makohozi, au macho na mikono ya mtu aliyesomea. Na anayekupima kisha akakuuzia makopo mezani hapohapo, huyo anapima mfuko wako.

Basi Jumatano moja nikamwambia bibie, twende. Tukaenda zahanati asubuhi na mapema. Foleni ilikuwa ya kina mama tupu, wenye mimba na wenye watoto mgongoni. Mwanaume nilikuwa mimi na mzee mmoja aliyemsindikiza mkewe. Mtoto mmoja akaning'inizwa kwenye mzani, miguu inapiga hewa, analia kama kaonewa. Nikakumbuka kadi yangu. Nikaelewa kwa nini mama zetu wanazeeka wanajua miili yao kuliko baba zetu. Kliniki imewafundisha kurudi bila kuumwa. Sisi wanaume tukitimiza miaka mitano ndio basi, tunarudi tukiwa tumebebwa.

Zamu yetu ikafika. Nesi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatueleza kila kitu kwanza, halafu akatoboa vidole. Kusubiri majibu ilikuwa dakika kama ishirini, lakini kwangu zilikuwa ndefu kuliko miaka minne ya sekondari. Majibu yalitoka. Ni yangu na ya bibie, na gazetini hayaandikwi. Ninachoweza kusema ni kwamba tulitoka tumeshikana mikono, na tukaambiwa turudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha.

Nikadhani nimemaliza. Nikasimama. Nesi akasema, "Kaa kwanza baba, nikuangalie na presha maadamu umekuja." Mimi huyo kwa mbwembwe nikanyoosha mkono. Mkanda ukabana. Akaangalia, akanyamaza, akasema tulia dakika tano usiongee. Akapima tena. 152 kwa 98.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita, mama."

"Nyumbani kuna mwenye presha?"

Nikamwona Mjomba chini ya mwembe.

Akanieleza taratibu. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni pale moyo unapopumzika. Nzuri ni chini ya 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikajirudia hivyo siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. "Kipimo kimoja siyo hukumu," akasema, "huenda umeogopa. Urudi Ijumaa na Jumatatu." Akaniuliza chumvi. Nikamwambia mimi naongeza mezani hata kabla ya kuonja, na mgebuka wa chumvi kutoka ziwani ndio ugonjwa wangu. Akaniuliza usingizi. Nikamwambia naandika usiku, na kinachoniamsha ni vile vinywaji vya kuongeza nguvu, viwili mpaka vitatu kwa usiku. Akatikisa kichwa.

Umeona mambo hayo? Mwaka mzima nilikimbia kipimo kimoja kwa woga, kumbe kilichokuwa kinanila ni kingine kabisa, ambacho wala sikukiwazia!

Ijumaa ilikuwa 148 kwa 96. Jumatatu 146 kwa 94. Nikapelekwa hospitali kupimwa mkojo na figo, kwa sababu kijana mwenye presha lazima aangaliwe kama figo ndizo chanzo. Figo zangu nzima. Daktari akasema tuanze na maisha kwanza, dawa tutaona. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo kwenye samaki na chipsi. Vinywaji vya usiku kwaheri. Kutembea nusu saa kila siku. Miezi mitatu sasa, na wiki iliyopita ilisoma 134 kwa 86. Bado sijafika, lakini naiona njia. Na kama itabidi dawa, nitameza. Mjomba angetoa magunia yake yote apate nafasi ya kumeza kidonge kimoja kwa siku.

Sasa na wewe ufanye nini? Nimewauliza wahudumu wa afya, nimekuandikia kwa ufupi:

- Presha: kila mtu mzima, angalau mara moja kwa mwaka. Kama kwenu kuna historia, mara nyingi zaidi.

- Sukari: hasa kama umenenepa kiunoni, nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, au unakunywa maji na kwenda haja ndogo kupita kawaida.

- VVU: kabla ya uhusiano mpya, na kila mara hali inapobadilika. Kipimo ni bure.

- Kina dada: uchunguzi wa mlango wa kizazi, hasa kuanzia miaka 30. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Nesi anapaka siki nyepesi, penye tatizo panageuka peupe, dakika chache umemaliza. Mabadiliko ya mwanzo yanaondolewa kabla hayajawa saratani. Na wadogo zenu wa kike wasikose chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Matiti nayo jichunguze mwenyewe, ukikuta uvimbe usiulize jirani, nenda.

- Wachimbaji wetu wa dhahabu: vumbi la mawe linaharibu mapafu na kuikaribisha kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili si cha kunywea tangawizi, peleka makohozi. Kupima bure, dawa bure.

Utasema sina hela, sina muda. Presha ni dakika mbili, na elfu kumi ya yule kijana wa chuma mimi niliipata wapi? Utasema nitasahau. Basi chagua siku isiyosahaulika. Mimi nimechagua wiki ya siku yangu ya kuzaliwa. Mshikaji mmoja amechagua mwezi wa mavuno, hela ikiwepo. Mwingine kila anapolipa kodi ya chumba. Nunua daftari dogo, andika tarehe na namba, mwaka ujao ulinganishe. Na usiende peke yako, watu wawili ni vigumu kukimbia foleni.

Kijiweni? Wameshakwenda watano. Wa kwanza kwenda alikuwa yuleyule aliyenijibu kwa ukali kuhusu mwenye pikipiki. Alirudi kimya, akapaki, akasema, "Nimepewa hesabu yangu." Hakusema ngapi, nasi hatukuuliza. Ila chipsi zake siku hizi anakula bila chumvi.

Cheti cha kuzaliwa nacho kilipatikana, kilikuwa kwenye Biblia ya Mama. Juzi nikamwonyesha daftari langu la presha. Akalishika, akavaa miwani, akasoma tarehe moja moja kama anasoma barua. Halafu akafungua sanduku la bati akaliweka juu ya ile kadi. Nikamwambia Mama, hilo nalihitaji mwezi ujao. Akasema, "Najua. Utakuja kulichukua hapa."

Haya msomaji wangu, nisikuchoshe. Wiki ijayo tunarudi kwa yule jamaa wa wachumba wawili, na safari hii wamekutana kisimani! Mpaka hapo, nukta yako ya mwisho ilikuwa lini? Kapime, halafu tukutane hapahapa. Kwaheri ya kuonana.